Ukiliona Doa Jekundu

Timbwani, Likoni
12 Mei 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo umetulia, na lile jicho lako moja la kulia bado latisha watu kama zamani. Sisi huku hatujambo. Mamdogo Rahima akusalimu sana kutoka Mtongwe. Asema udi uliompelekea mara ya mwisho ulikuwa moshi mtupu, ukirudi uje na ule wa heshima. Mimi ni mzima ila nimekonda, naye ameshaanza kuniuliza kama nakonda kwa masomo au kwa mtu. Nimemwambia kwa masomo. Hakuamini.

Bi Kafedha asafiri Jumanne kuja huko Maskati na leso zake za kuuza, ndiyo maana naandika haraka. Ile simu ya Ijumaa mimi siihesabu kuwa mazungumzo. Namsikia madam wako akipumua ubavuni mwako, nami sipati la kusema isipokuwa alhamdulillahi. Heri karatasi, ipite mikononi mwa Bi Kafedha.

Habari yangu ni kwamba makasha yamefika chuoni. Dkt. Musyoka, mwalimu anayenisimamia, aliyangoja bandarini mpaka tukadhani yamezama. Ni vifaa vya leza vilivyotolewa na chuo kimoja cha Ulaya kilipokuwa kikibadilisha vyake. Vioo vingine vimekuja vimevunjika. Vilivyo vizima, hewa yetu ya chumvi imeanza kuvitia ukungu, kwa hivyo twavilaza ndani ya mikebe pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyotiwa kwenye viatu vipya. Nimekwenda kuviomba kwa wauza viatu wote wa Kisauni. Wanidhani nina wazimu.

Kila mara waniuliza nafanya kazi gani. Ngoja nijaribu tena, na usiiite kurunzi. Kila kitu kimeumbwa kwa chembe ziitwazo atomu, nazo hazitulii. Zaenda mbio kama watu wanaoshuka feri asubuhi, kila mmoja ana lake, na huwezi kumchunguza mtu anayekimbia. Sisi twazielekezea mwanga wa leza kutoka pande sita: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Mwanga husukuma, mama, ingawa mkono wako hausikii. Rangi yake ikichaguliwa sawasawa, humsukuma yule tu anayeukimbilia, na aupaye mgongo humwacha aende. Zikisukumwa hivyo mara maelfu, atomu hupoa, zikakusanyika katikati kama kiwingu kisichofika punje ya mchele. Kitakuwa kitu cha baridi kuliko vyote Mombasa, nami nakitengeneza nikitiririka jasho, kwa sababu feni ya chumba imekufa.

Hiyo ndiyo kazi uliyokwenda kunipigia deki za watu. Nitaifikisha mwisho.

Mwanao,
Nadira


Maskati
9 Juni 2024

Kwa binti yangu Nadira,

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno, nimeketi juu ya ndoo kule tunakofulia taulo. Mimi sijambo, mgongo ndio mgongo. Mwambie Rahima kuwa udi wa heshima wataka mtu wa heshima.

Kukonda kwako sikutaki. Kula. Hizo atomu hazitakimbia. Na zikikimbia, si ndiyo kazi yako kuzikamata?

Nami nina habari, usicheke. Madam amenitoa nyumbani kwake, amenitia kwenye saluni yake ya wanawake. Huko kuna leza. Wallahi, leza, jina limeandikwa ukutani kwa herufi za dhahabu. Wanawake waja kuondolewa nywele za miguu, na wengine ndevu, Mungu atustiri. Yule binti anayeiendesha huvaa miwani ya kijani, mteja naye huvalishwa yake, kisha binti hukanyaga chini kama fundi wa cherehani. Chombo chalia tik, tik, na harufu ni ya kuku anayebabuliwa manyoya. Kazi yangu ni kupiga deki, kufua taulo, na baina ya mteja na mteja kukifuta kile kichwa cha mashine. Ni kama bomba lenye kioo mdomoni. Kioo kisipong'aa madam hugomba, kwa hivyo sina budi kukichungulia.

Mwenzangu hapa ni Sidi, mama wa watoto wanne kutoka Kaloleni, ndiye wa chai. Kila siku anitania: "Bi Mwanatatu, mwanao ni mwalimu wa mwanga, wewe ni mfutaji wa mwanga. Kazi imekaa katika ukoo." Mimi hucheka, lakini moyoni najiona mkubwa.

Sasa nifundishe, mwalimu wa mwanga. Miwani ni ya binti na mteja tu, mimi sina. Nitajuaje kama chombo kimewaka au kimezimwa? Jicho langu la kushoto walijua. Tangu kile kipande cha kifuu kilipolitoboa nikiwa msichana, limebaki pambo la uso. Nina hili moja, na sina jingine la akiba. Madam simuulizi, atasema namfundisha kazi. Na yule binti hatuelewani lugha. Basi nimuulize nani, nawe nimekusomesha?

Mamako


Timbwani, Likoni
30 Juni 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai u mzima na kazi mpya haijakuumiza mgongo. Huku mvua zimepungua, na paa halivuji tena isipokuwa pale penye kabati. Mamdogo hajambo. Neno lako la udi limemfikia, na jibu lake siwezi kuliandika.

Nilicheka kusikia habari za Sidi. Lakini mwambie mwanga wetu si mmoja. Wenu ni wa kuchoma nywele. Wetu ni wa kukishika kitu ambacho hakuna mtu wa pwani hii aliyewahi kukishika.

Na wiki hii umewaka, mama. Ungeingia chumbani ungedhani tumekaa kwenye giza bure, maana rangi yake imeipita nyekundu na jicho la mtu haliioni. Twautafuta kwa kujipapasia. Tuna kikadi maalumu, tukikipitisha mahali mwanga ulipo chang'aa, ndipo twajua upo. Dkt. Musyoka ametubandikia mlangoni kwa mkono wake: usichokiona ndicho cha kuogopa. Kila asubuhi huturudia hayo kama bibi wa chekechea, na haingii mtu bila miwani. Janice, mwanafunzi mwenzangu, humuigiza akigeuka. Mimi sina muda wa kuigiza. Nimekaa na vioo vile mpaka nikifumba macho naviona, na nikivipinda unywele mmoja tu, mwanga wote wapotea, naanza upya. Sijui kama nimewahi kupenda kitu hivi. Hata natishika.

Bi Kafedha amegonga mlango mara mbili na tuktuk yamngoja nje, kwa hivyo namaliza. Kuhusu hiyo mashine yenu usiwe na wasiwasi, ni ya kunyolea tu. Wakumbuka ile leza ndogo niliyokuja nayo nyumbani, paka akairukia ukutani? Ndivyo zilivyo. Ukiliona doa jekundu, imewaka, usiitazame. Usipoliona, imezimwa, futa kwa raha zako.

Mwanao,
Nadira


Maskati
6 Oktoba 2024

Nadira mwanangu,

Natumai hujambo na Rahima hajambo. Mimi nashukuru Mungu.

Nisamehe kwa kukawia. Bi Kafedha alikuja mara moja nikawa sina nafasi. Hewa ya mashine za baridi ya humu yachosha jicho, ndiyo maana leo naandika machache. Ukiniandikia uandike kwa herufi kubwa, mwandiko wako umekuwa wa siafu.

Yule paka wetu hajambo? Macho yake ni mazima? Ulipomchezea na lile doa lako, hakuwa na neno baadaye?

Nijibu hilo.

Mamako


Timbwani, Likoni
3 Novemba 2024

MAMA MPENZI,

Shikamoo. Haya, herufi kubwa hizo, usiseme sikutii. Natumai hali yako ni njema kuliko mwandiko wako. Wanilaumu mimi kwa siafu, na wewe mistari yapanda mlima kama uliandika ukiwa juu ya bodaboda. Maneno mengine umeyaandika juu ya mengine. Mamdogo alipoiona barua aliuliza kama Sidi amekutilia kitu kwenye chai.

Paka ni mzima, amenenepa, anazaa ovyo. Miezi minne sijapata barua yako, na ilipokuja imekuja kuulizia paka. Sikasiriki, lakini nilikuwa nimengoja uniulize habari za kazi.

Basi nakwambia bila kuulizwa. Malori yakipita barabara ya Malindi, sakafu yetu hutetemeka na leza hupoteza rangi yake. Mimi ndiye niliyepata dawa. Tumeiweka meza yote juu ya mipira ya ndani ya magurudumu ya pikipiki, imejazwa upepo nusu. Sasa lori lapita na vioo vyaelea tu. Dkt. Musyoka aliibonyeza meza kwa kidole, akasema, "Nadira, hapa sasa tutafika." Si mtu wa kusifu.

Mwaka ujao chuo kitaita wageni waje waone. Nataka ukae mbele. Kwenye kioo cha kompyuta litaonekana doa jeupe, dogo, katikati. Hilo ndilo wingu la atomu. Hilo ndilo ninalotaka ulione kwa jicho lako.

Mwanao,
Nadira


Maskati
19 Januari 2025

Nadira,

Salamu kwako na kwa Rahima. Nilitaka nikwambie nikirudi, lakini Sidi asema nisipokwambia mimi, atakwambia yeye. Barua hii nimeiandika siku nyingi, kidogo kidogo.

Ilikuwa mwezi wa tisa. Ile taa ndogo nyekundu inayotoka mdomoni mwa mashine ilikuwa imekufa. Fundi aliitwa, hakuja, na madam akasema wateja hawamngoji fundi. Mashine ikaendelea na kazi. Mimi sikujua kuwa taa ni kitu kimoja na mashine ni kitu kingine.

Mteja alishuka kitandani. Nikakishika kile kichwa, nikakielekeza ukutani kwanza. Doa halikuwepo. Nikakielekeza kiganjani. Halikuwepo. Nikakiinua nikichungulie kioo kama kina mafuta. Yule binti alikuwa amegeuka akizungumza na mteja, mguu wake ukakanyaga.

Sikuona mwanga. Nilisikia mlio ndani ya kichwa, kama chembe ya chumvi ikianguka kwenye kaa la moto. Haikuniuma. Nikafuta kioo, nikakirudisha mahali pake, nikaenda kuchukua ndoo, na ndoo haikuwepo. Palikuwa na giza la mviringo pale ilipokuwa. Nilipogeuka kutazama mlango, ndoo ikaonekana pembeni.

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Kila ninachokitazama hakipo. Nikimtazama Sidi, naona mabega na juu yake hakuna kitu. Nilidhani litapona. Kwa kuwa paka alipona, nilidhani nami nitapona.

Madam alinipa dawa ya matone. Nikaendelea kufua kwa kupapasa, sikumwambia ni kiasi gani, maana angenirudisha kabla hujamaliza.

Wewe ndiye unayejua mambo haya. Litapona?

Mamako


Timbwani, Likoni
26 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulizeje hali.

Ijumaa nilipiga simu mpaka ikachoka. Mara ya mwisho madam alipokea akasema u kazini. Kazini kwa jicho gani, nikamuuliza, akakata.

Bi Kafedha aondoka kesho. Fanya haya. Hiyo dawa ya matone iache, haifiki mahali penyewe. Madam akupeleke kwa daktari wa sehemu ya nyuma ya jicho, si daktari wa miwani. Daktari aambiwe ni leza, na jina la mashine liandikwe kama lilivyo ubavuni mwake. Sidi akusaidie. Usiinue mzigo. Usikisogelee tena kile chombo, hata kikiwa kimeng'olewa kwenye stima.

Mwanamke yule hana utu. Kumpa mfanyakazi kazi ya kuchungulia mdomo wa leza bila miwani, wakati miwani hata hapa kwetu, chuo kisicho na feni, hatukosi. Kuendesha mashine taa yake ya kuonyesha njia imekufa. Kumwacha mtu aendeshaye ageuke na mguu uko juu ya kikanyagio. Kila moja ya hayo ni kosa lake. Na kukunyamazisha kwa matone. Nitaandika kwa ubalozi. Nitaandika kwa kila mtu. Dkt. Musyoka amesema atanisaidia kueleza kwa lugha ya kitaalamu jinsi walivyozembea, ili wasipate pa kujificha.

Umeniuliza kama litapona. Mwone daktari kwanza.

Mwanao,
Nadira


Maskati
20 Aprili 2025

Kwa Nadira,

Asalaam aleikum. Mimi ni Sidi. Mamako asema, mimi naandika kama asemavyo, sitii langu.

Asema: Natumai Ramadhani na Idd mmeziona kwa heri. Mimi ni mzima wa mwili.

Kwa daktari nilipelekwa, jamaa zake Sidi ndio walionipeleka, siku ya mapumziko. Aliniwashia taa jichoni akatazama kwa muda mrefu. Kuna kovu katikati, pale pa kuonea. Hakuna dawa wala kisu. Pembeni patabaki. Sitagonga ukuta, lakini sitasoma tena, wala uso wa mtu sitauona.

Madam amenikatia tikiti ya kurudi. Asema nilizembea, hakuna aliyeniambia nichungulie. Ubalozi wamekuandikia kwamba wamepokea barua yako, na hayo ndiyo yote watakayofanya, usijichoshe.

Barua yako ya Januari Sidi alinisomea. Nilimwambia arudie. Nilidhani ameruka mahali. Akarudia, na hakuruka.

Yote uliyoyasema juu ya madam ni kweli.

Nitafika mwezi wa tano, Bi Kafedha atafuatana nami kwenye ndege. Sitashukia Timbwani. Nitakaa Mtongwe kwa mdogo wangu. Nyumba yake haina ngazi, nawe una kazi zako.

Jambo moja ujue kabla. Nikikutazama usoni sikuoni. Nikitaka kukuona nitageuza uso, nitazame kando, ndipo utanijia pembeni, sikio na shavu. Basi ukiona nakugeuzia uso, usiseme nimekasirika.

Amemaliza hapo. Asema niandike

Mamako


Timbwani, Likoni
14 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Natumai umeamka salama. Mtongwe ni karibu, ningeweza kuja kwa miguu, na nimekuja mara nyingi tangu mwezi wa tano. Umenipa chai, umeniuliza kama nimekula. Mambo mengine hayakutajwa. Ndiyo maana naandika tena, kama ulipokuwa ng'ambo.

Mamdogo Rahima, najua ni wewe unayesoma. Usiruke mahali.

Mama, neno ulilolingoja kwenye barua yangu ya Januari nililijua. Nililiandika mara tatu, nikalikata mara tatu. Nilimpa madam makosa yake yote kwa sababu nilitaka yatoshe, pasibaki mahali pa langu. Doa jekundu ni taa ya kuonyesha njia tu. Mwanga unaochoma ni mwingine, nao hauonekani. Hayo niliyajua kabla hujaniuliza. Katika barua ile ile niliyokujibu habari za mashine yenu nilikuwa nimekueleza, kwa majivuno, kwamba mwanga wetu hauonekani, na kwamba usichokiona ndicho cha kuogopa. Nikashuka mistari michache, nikakwambia kinyume chake, kwa sababu tuktuk ilikuwa ikingoja na swali lako lilikuwa dogo. Ulishika nililokufundisha. Ulilijaribu ukutani na kiganjani, kama mwanafunzi mwema.

Sasa habari za juzi. Mamdogo aliyaona ya nje, ya ndani hakuyaona.

Ulikuja na buibui jipya, mamdogo amekushika mkono, na watu wote wa chuo wakasimama kwa sababu Dkt. Musyoka alikuwa amewaambia kuwa mama wa Nadira anakuja. Ndani ya chumba wingu lilikuwepo. Lilikuwepo tangu asubuhi, mama, limetulia, jeupe katikati ya kioo cha kompyuta, na wageni waliokutangulia walikuwa wamepiga makofi. Mkuu wa chuo alitaka kukupiga picha mbele yake.

Ulisimama mlangoni. Janice alikuletea miwani ya kinga, ukaishika mkononi, hukuivaa. Ukauliza, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia:

"Imewaka?"

Nilikwambia imewaka, lakini mwanga wote umefunikwa, hautoki nje ya sanduku, na nimeupima mwenyewe. Hukusogea. Watu walianza kutazamana. Mimi nikaenda mezani nikaizima. Kwenye kioo lile doa lilitanda, likafifia, likatoweka. Atomu hazingoji. Mwanga ukiondoka, kila moja yashika njia yake. Mkuu wa chuo akasema kumbe imeharibika. Nilirudi mlangoni, nikasema:

"Imezimwa, mama. Ingia."

Hapo ukanigeuzia uso. Ukatazama kando, ukutani, pale Dkt. Musyoka alipobandika karatasi yake. Nikasimama nikingoja. Ulikuwa umeniambia nisiseme umekasirika, kwamba ukigeuka ndipo unaniona, nami nikajitahidi kuamini kuwa unanitazama. Nikasimama wima ili uweze kuniona sikio na shavu. Kisha ukampa Janice miwani yake, ukapapasa ukuta mpaka kwenye benchi la nje, ukaketi, ukajifunika uso kwa ukaya wa buibui. Mamdogo akasema umechoka. Nyuma yangu Janice akamwambia mtu kwamba mama wa watu amekuja mpaka hapa na hakutaka hata kutazama.

Tangu siku ile nimekuja kwako mara mbili. Nikiingia, wageuza uso. Mimi niliyefundishwa kupima kila kitu, sina njia ya kupima hilo. Sijui kama wageuka ili unione au ili usinione, na ni wewe tu uwezaye kunieleza. Nimekaa upande wa kulia, nimekaa upande wa kushoto, nimenyamaza, nimekohoa. Waniuliza kama nimekula.

Sikuombi usamehe, sijui kama nina haki hiyo. Nakuomba jibu moja tu, kwa mkono wa mamdogo, au kwa mdomo nitakapokuja Ijumaa. Na kama hutanijibu, basi lijue hili, kwa sababu nililisema mbele ya watu, na naona hukuliamini.

Ilikuwa imezimwa, mama. Safari hii ilikuwa imezimwa kweli.

Mwanao,
Nadira